Saa Mbili za Kujizuia

Kwa saa sita baada ya tiba, kila ukienda haja ndogo unamwaga Jiki chooni, unafunika, unangoja robo saa, ndipo unavuta maji. Unakaa kitako hata kama wewe ni mwanamume, tone lisije likaruka. Kisha unanawa mikono na kila palipoguswa. Ami yangu mmoja anayeishi hapa Guildford, magharibi mwa jiji la Sydney, aliposomewa masharti hayo alisema mengi kati yake anayajua tangu chuoni Wete, alikofundishwa kuchutama na kujihadhari na tone kabla hajafundishwa kuandika jina lake. Kigeni kwake kilikuwa Jiki. Kigeni zaidi ilikuwa sababu yake: kwamba mkojo wake una vijidudu hai vya ukoo wa kifua kikuu, navyo ametiwa makusudi, na watu wanaomtakia heri.

Si ami wa damu. Ni mzee wa Kipemba, baharia mstaafu, mvutaji sigara wa miaka na miaka, aliyewafuata wanawe huku baada ya kufiwa na mke. Alipoona damu kwenye mkojo hakushtuka. Kwa mvulana wa Pemba wa zama zake kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Kila aliyeoga kidimbwini alipata kichocho, na maisha yakaendelea. (Kichocho chenyewe si cha kupuuzwa, kikikaa mwilini miaka mingi bila tiba huweza kuzaa saratani ya kibofu ya namna yake.) Hii ya Ami ilikuwa namna nyingine, ile ambayo madaktari wakiiona huuliza kwanza habari za sigara. Walimkwangua kwa kifaa kilichopitishwa njia ya mkojo, bila kumpasua tumbo. Ilikuwa ya juujuu, haijazama katika msuli wa kibofu, lakini tabia yake ni kurudi. Kwa hiyo kidonda kilipopona akaandikiwa BCG, mara moja kwa wiki, wiki sita.

BCG ile ile ya chanjo ya kifua kikuu. Mtanzania atalitafuta kovu lake begani, Mkenya kwenye kigasha, alama ndogo ya mviringo ambayo tumekua nayo bila kuiuliza habari zake. Wanawe wote wanayo. Yeye hana, amezaliwa kabla chanjo haijafika kijijini kwao. Alipofahamu kuwa dawa anayopewa ni ile ya watoto wachanga alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwanangu, nimechelewa zamu yangu miaka sabini, na wameniingizia pasipo penyewe."

Nimekuwa nikiitafakari sana kazi ya Wafaransa wawili walioitengeneza BCG, Albert Calmette na Camille Guérin. Mwaka 1908, mjini Lille, walichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe wakakiotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi walikihamishia kwenye chakula kipya. Vita Kuu ikaja, Wajerumani wakaukalia mji, wao wakaendelea kuhamisha. Miaka 13, mara 230. Mwisho wake kijidudu kikawa kimepoteza ukali wake na kubaki na sura yake, na mwaka 1921 akapewa mtoto mchanga jijini Paris, kwa kinywa. Hawakukiua. Wangekiua kwa dakika chache tu, moto ulikuwapo. Walikitia adabu polepole, na watu wa twarika wangeielewa haraka kazi hiyo, maana ndiyo wanayoifanyia nafsi. Nafsi haiuawi. Huhamishwa kutoka hali hadi hali, mpaka ibaki na nguvu zake bila sumu yake.

Na sura ile iliyobaki ndiyo dawa. Askari wa mwili wakikiona kijidudu hiki hawajui kuwa kimefugwa. Wao wanaona uso wa adui wa kale, na wanakuja mbio.

Hapo ndipo saratani inapokamatwa. Ugumu wa saratani siku zote umekuwa kwamba haikutoka nje. Ni chembe ya mwili wenyewe, imezaliwa humo, imelishwa humo, ina karatasi zote za uenyeji, na askari wa kinga wanaipita wakiisalimia. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini BCG ikishajishika kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, eneo zima huwaka. Askari wa kila cheo hufika, hupeana ishara, hukagua kila kilichopo, na katika ukaguzi huo chembe ya saratani iliyokuwa ikisalimiwa jana huulizwa leo ni ya nani. Kwa wengi huishia hapo. Si kwa wote.

Usiku wa kwanza Ami alipata homa na kutetemeka kidogo. Alikuwa amekwisha kuambiwa kuwa homa ndogo ya siku moja ni ya kutarajiwa. Ikipanda sana au ikikaa, apige simu saa hiyo hiyo. Nilimkuta asubuhi kajifunika shuka, macho mekundu.

"Shikamoo ami. Umelalaje?"

"Marahaba mwanangu. Sikulala. Mwili mzima umekesha kwa ajili ya kibofu."

Aliyasema kwa mzaha, lakini yamejengwa juu ya hadithi aliyoisoma utotoni: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafananisha waumini na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua vingine huitikia kwa kukesha na homa. Nimeisikia hadithi hiyo mimbarini mara nyingi, daima ikifasiriwa kwa udugu, kwa michango ya harusi na misiba. Sikuwahi kuisikia ikifasiriwa kwa homa yenyewe. Kumbe homa ndiyo inayosifiwa mle. Kiungo kimeita, vingine vimeitika, na kule kuitika kuna joto lake na maumivu yake. Mwili usio na homa mahali palipo na ugonjwa si lazima uwe mwili wenye raha. Huenda ni mwili ambao haujaambiwa.

Dawa yenyewe huingizwa kwa mpira mwembamba wa mkojo. Mpira hutolewa, mgonjwa huruhusiwa kwenda zake, ila asikojoe kwa saa mbili. Hospitali iko Westmead. Treni ya T5 hutoka huko ikapita Parramatta, Harris Park na Merrylands, ikafika Guildford bila ya mtu kubadilisha. Mara ninapomsindikiza huwa tumekaa katikati ya wanafunzi wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao, akina mama wa Kilebanoni na mifuko ya mboga, vijana wa Kiafghani, na Ami katika kanzu yake nyeupe na koti la baridi amebeba ndani yake jeshi zima, hakuna anayejua. Huwa hasemi. Midomo inacheza tu.

Tukifika nyumbani hujilaza, akajigeuza: chali, kifudifudi, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, dawa iguse kila ukuta. Na hapa ndipo palipozuka suala lililomshughulisha kuliko saratani. Adhuhuri ikiingia ndani ya zile saa mbili afanye nini? Tumefundishwa kuwa ni makuruhu kusali huku umeibana haja. Mtu aende kwanza akajisaidie, hata kama jamaa watamtangulia, ili moyo usivutwe huku na huku. Ami ni Mshafi wa kufa na kuzikwa, na maisha yake yote kujibana kulikuwa upungufu wa sala. Sasa daktari amemwambia kujibana ndiyo tiba. Alimpigia simu shehe wake, akaambiwa wakati ungali mpana, asubiri zile saa mbili ziishe, ajisaidie, atawadhe, asali kwa utulivu. Jawabu jepesi. Lakini yeye aliendelea kulitafuna. Aliniambia kwamba katika saa mbili hizo, hawezi kusali na hawezi kujisaidia, hajawahi kujiona yuko karibu na Mola wake namna ile, na hajui aiite nini ibada hiyo.

Mimi nafikiri Nabii Ayubu angeijua. Katika kisa chake, baada ya miaka ya dhara, hakuambiwa asafiri kwenda kutafuta tabibu, wala mvua haikushushwa juu ya nchi nzima ili tone moja limpate. Aliamriwa aipige ardhi kwa mguu wake. Maji yakachimbuka palepale alipokuwa, ya kuoga na ya kunywa. Kwa miaka nilikisoma kisa hiki kwa upande wa subira, kama sote. Tangu nianze kukaa na Ami katika saa zake mbili nakisoma kwa upande wa mahali. Dawa ilikuwa chini ya unyayo wa mgonjwa.

Lakini wiki sita kwa nini? Ami aliuliza, na kwa kuwa yeye ni mtu wa masuala nilikwenda kulitafuta jawabu. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha habari za wagonjwa 9 wa saratani ya kibofu waliotiwa BCG ndani ya kibofu chenyewe. Walitia kila wiki kwa sababu adha ya dozi moja ilikwisha kabla ya wiki kwisha. Na zilikuwa dozi sita kwa sababu chanjo waliyoipata ilifungwa vichupa sita katika boksi moja. Ndiyo hivyo. Nusu karne baadaye watu dunia nzima wanahesabu wiki sita. Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema Mungu hakosi njia ya kupitishia hesabu zake, hata kwa mfunga maboksi.

Mwaka huo huo, 1976, yalitoka matokeo mengine ya BCG, na haya yanatuhusu zaidi, maana yalitoka Kampala. Tangu mwaka 1958, Denis Burkitt wa Mulago alipoandika juu ya uvimbe wa taya za watoto, Afrika Mashariki ilikuwa moja ya mahali pa kwanza duniani ambapo dawa za kemikali zilionekana zikiyeyusha saratani mbele ya macho. Na lilikuwapo jambo la ajabu. Baadhi ya watoto walipata dozi chache tu, wazazi wakawarudisha kijijini, na wakapona wasirudi tena kuugua. Peter Clifford, daktari wa Nairobi, akishirikiana na George Klein wa Sweden, walianza katika miaka ya 1960 kupima damu za watoto kama hao, kwa kushuku kwamba dawa imeivunja nguvu saratani na kinga ya mtoto imemalizia. Kwa hiyo Ian Magrath na John Ziegler, katika taasisi ya saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, walifanya lililofuata kwa mantiki. Watoto waliokwisha kutulizwa kwa dawa za kemikali waliwaongezea BCG, ili kuiamsha kinga iliyobaki. Dawa ya kuua na dawa ya kuamsha, pamoja, katika Kampala ya miaka ile. Haikusaidia. Waliochanjwa na wasiochanjwa walirudiwa na ugonjwa sawasawa.

BCG moja, mwaka mmoja, mabara mawili. Moja ilitiwa ngozini, uamsho wake uenee mwili mzima na ufike kwenye uvimbe ukijaliwa. Nyingine ilitiwa ikagusana na ugonjwa ukuta kwa ukuta. Najua saratani hizo mbili ni tofauti, na mtaalamu atanikataza kuzilinganisha mbio mbio. Lakini hata kwenye maabara, Berton Zbar na Herbert Rapp wa Marekani walikuwa wamekwisha kuona katika panya wa Guinea kwamba BCG haifukuzi uvimbe mpaka igusane nao, na uvimbe wenyewe uwe mdogo. Ukaribu ulikuwa sharti.

Nikitaka kufikiri hutembea kwenye njia ya mfereji wa zamani. Kuanzia mwaka 1888 maji ya Sydney yalitiririka kutoka bwawa la Prospect kwa mfereji wa wazi, kwa mteremko tu bila pampu, zaidi ya kilomita 7 hadi hapa Guildford, mahali paitwapo Pipehead. Siku hizi yanapita ndani ya bomba, na mfereji umefukiwa ukawa njia ya wapita kwa miguu na baiskeli. Ukifika Pipehead unaona mabomba makubwa yakielekea Potts Hill na kutoka huko mjini. Maji yakishaingia humo hayachagui nyumba. Mwenye kiu na mwenye kuosha gari hupata yale yale. Dawa ya kemikali inayopitishwa mshipani ina tabia hiyo. Imeingia damuni, itafika kwenye uvimbe, na itafika kwenye mizizi ya nywele, utando wa kinywa, utumbo, na uboho wa mifupa, ambako askari wa kinga huzaliwa.

Hapo ndipo wanasayansi wa siku zetu walipokwama, na ninawahurumia. Tangu zipatikane dawa zinazoondoa breki za kinga, zile zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobeli ya mwaka 2018, kila mtu alitamani kuziunganisha na zile za kuua. Dawa ya kuua ikiivunja chembe ya saratani, vipande vyake hutapakaa, na askari hujifunza sura ya adui kwa kuvisoma vipande hivyo. Ila dawa hiyo hiyo, ikipita kila mahali, inawaua wasomaji.

Mwaka 2016 kundi la Johns Hopkins la Marekani lililipima jambo hili kwa panya wenye saratani ya ubongo. Walikuwa na chombo tayari. Henry Brem na Robert Langer walikuwa wameshatengeneza kidonge bapa cha polima, upana wake kama sarafu, chenye miligramu 7.7 za kamustini, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa jina la Gliadel. Daktari wa upasuaji akiisha kutoa uvimbe hupanga vidonge hivi, hadi 8, kwenye nafasi iliyobaki wazi, akafunga fuvu. Polima huliwa polepole na majimaji ya mwili, tabaka kwa tabaka, ikiachia dawa kwa wiki mbili tatu mahali pale pale. Sasa wakawagawa panya. Kuna waliopewa dawa ya kuondoa breki. Baadhi yao wakaongezewa dawa ya kuua mwili mzima, wengine wakaipata pale ubongoni tu kwa polima. Waliopewa mwili mzima walipungukiwa na askari, na faida ya dawa ya kinga ikapotea. Waliopewa pale pale askari wao walibaki, wakaishi zaidi, na kinga yao ikaweka kumbukumbu ya ugonjwa.

Neno hilo, kumbukumbu, limenikalia. Kumbe kuna namna ya kupona inayomwacha mtu bila wa kukumbuka. Ugonjwa umeondoka, na pamoja nao wameondoka wote walioujua uso wake, na ukirudi utabisha hodi kwenye nyumba ya wageni watupu. Katika mambo ya roho nimewaona watu waliotubu hivyo, kwa ukali mkubwa, wakafuta kila kitu cha zamani, marafiki, nyimbo, picha, hata huruma kwa wanaofanya waliyoyafanya wao. Sitaki kumhukumu yeyote. Ila ninapoomba siku hizi naomba toba isiyoua askari.

Tangu hapo mafundi wa dawa wanashindana kutafuta kitu cha kukaa karibu. Mwaka 2018 kundi la Zhen Gu, nalo la Marekani, lilieleza jeli inayodungwa ikiwa maji ikagandia penye uvimbe. Ndani yake mna jemsitabini, dawa ya kuua, na pamoja nayo kingamwili ya kuondoa breki. Uvimbe wenyewe, kwa kemikali kali unazozitoa, ndio unaoimega jeli. Yaani adui ndiye anayejifungulia mlango. Dawa ya kuua hutangulia kutoka, ya kuamsha hufuata. Hiyo nayo ilikuwa kwa panya. Kutoka panya hadi mzee wa Guildford ni safari ndefu, na vyombo vingi huzama njiani.

Kwenye kibofu safari imekuwa fupi zaidi, kwa sababu kibofu ni chumba chenye mlango. Hapa Australia kikundi cha utafiti kiitwacho ANZUP, kikifanya kazi na Chuo Kikuu cha Sydney, kilianza katika mwongo uliopita jaribio kubwa chini ya Dickon Hayne wa Perth. Wagonjwa wengine walipewa BCG peke yake, wengine BCG na mitomaisini kwa zamu, zote kwa mpira ule ule, ndani ya chumba kile kile. Mitomaisini ni dawa ya kuua. Swali la Kampala la mwaka 1976 limeulizwa tena, safari hii kwa ukaribu. Na Septemba 2025 Marekani iliidhinisha TAR-200, kijibomba cha silikoni chenye jemsitabini kinachoingizwa kibofuni kwa mpira, kikajikunja chenyewe kisitoke na mkojo, kikavujisha dawa kwa wiki tatu. Kimekusudiwa wale ambao BCG haikuwaponya. Kati ya wagonjwa 83, asilimia 82 hawakuonekana tena na saratani walipokaguliwa. Lakini kabla mtu hajashangilia muungano: kifaa hicho hicho kilipounganishwa na dawa ya kuondoa breki iliyopitishwa mshipani, matokeo hayakuonekana kuwa bora kuliko kifaa peke yake, na kundi la waliopewa vyote viwili likafungwa. Si kila kuongeza ni kuzidisha, hata kama kila kilichoongezwa ni kizuri.

Wala asinielewe mtu kuwa naitukana dripu. Saratani iliyokwisha kusambaa haifuatwi kwa kidonge cha kuweka mahali pamoja. Watoto wa Burkitt waliponywa kwa dawa ya damuni, na leo wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hupewa dawa ya kuua na ya kuamsha kwa mshipa ule ule, wakafaidika na zote mbili. Maji ya Pipehead ni rehema. Mji mzima haunywi kwa kijiko. Ninachokitafakari ni kitu chembamba zaidi, na huenda ni cha mtu mmoja mmoja: kwamba nguvu ya tiba haipimwi kwa wingi wake tu. Kiasi ambacho kingemuua mgonjwa kikiwa damuni kinaweza kuwa tiba kikikaa karibu.

Kundi letu la WhatsApp la watu wa pwani lina dua nyingi kwa ajili ya Ami. Kila Ijumaa zinamiminika, mikono iliyonyanyuliwa, maua, al-Kaaba usiku. Yeye huzisikiliza za sauti zote mpaka mwisho, kwa adabu, na hujibu amina kwa kila mmoja. Sizidharau, na wala yeye hazidharau. Lakini jirani yake wa Kilebanoni, mama asiyejua Kiswahili na asiyejua Kiingereza cha kutosha, huja siku ya tiba na supu ya dengu na kukaa nayo kwenye ngazi mpaka mlango ufunguliwe, na Ami husema huyo mama anajua saa zake mbili zinaisha lini kuliko wanawe.

Baada ya miezi mitatu walimwangalia kwa kamera. Kibofu kilikuwa chekundu kwa tiba, na hapakuonekana uvimbe. Kwa sasa. Wenye ujuzi wamemwambia kuwa kazi haijaisha. Atarudia BCG kwa vifungu vya wiki tatu tatu, kwa vipindi, huenda hadi mwaka wa tatu, kwa sababu askari nao hulala wakiachwa. Na kifungu kimoja kimeangukia Ramadhani.

Sasa yuko kwenye suala hilo. Madhehebu ya Shafi yako wazi: kitu kikiingizwa kwenye njia ya mkojo, saumu imebatilika. Nilimtajia azimio la Baraza la Fikihi ya Kiislamu la Jeddah, la mwaka 1997, lililosema mpira wa mkojo na dawa ya kuoshea kibofu havifunguzi. Akalisikiliza, akaniomba nimsomee mara ya pili, akasema maulamaa hao Mungu awarehemu, wamewafikiria wagonjwa. Kisha akachukua kalenda ya jikoni, ile ya duka la nyama yenye saa za sala za Sydney, akaanza kupekua mbele. Siku za tiba atafunga kwa kufuata la Jeddah, na atazilipa kwa kufuata la Pemba. Alipofika Juni akaona magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja na nusu ya jioni, akazitia alama ya kalamu Alhamisi tatu.

"Hizi," akasema. "Fupi, na za baridi. Sina haja ya kujionesha."